Wajapani mtandaoni: anayeogopwa siyo mtu baki, ni yule wa meza ya pembeni

Kila ikitajwa Japani na mitandao ya kijamii utasikia maelezo yaleyale, oh Wajapani watu wa aibu, oh wasiri sana, hawapendi kujianika ndo maana wamejaza picha za paka na katuni kwenye profaili zao. Mi hayo maelezo nayakubali robo tu. Mtu mwenye aibu haandiki vile! Mwaka 2017 kampuni ya Twitter yenyewe ilitangaza kwamba Japani ina watumiaji milioni 45 kwa mwezi, soko la pili duniani baada ya Marekani, na hapo unaongelea nchi iliyojaa wazee. Agosti 2013 televisheni ilirudia filamu ya katuni ya Studio Ghibli ya mwaka 1986, kuna sehemu wahusika wanatamka neno la uchawi la kubomoa kila kitu, basi watazamaji nchi nzima wakaliandika Twitter kwa wakati mmoja na wale wahusika, zikapigwa twiti 143,199 ndani ya sekunde moja, kipindi ambacho wastani wa dunia nzima ulikuwa kama twiti 5,700 kwa sekunde. Hao ndo wenye aibu?

Ninachokiona mimi ni kitu kingine. Mjapani akiwa mtandaoni hamkimbii mtu baki, anamkimbia mtu anayemjua. Bosi wake, mwalimu wa mtoto, jirani wa ghorofa ya chini, dada waliyekaa naye meza moja ofisini miaka nane. Ukishika hilo mengi yanafunguka, kwa nini Facebook ilipwaya kule, kwa nini LINE, programu ya kutumiana meseji, imekamata karibu kila simu, kwa nini X, yaani Twitter ya zamani, bado inadunda Japani wakati kwingine watu wanaihama, na pia kwa nini mtu anaweza kufa kwa maneno ya watu ambao hata majina yao hayajulikani.

Tuanze na mtandao wa kijamii wa mixi. Ilifunguliwa mapema 2004, mwaka uleule wa Facebook, na jamaa anaitwa Kenji Kasahara, na kwa miaka kadhaa ndo ulikuwa mtandao wenyewe wa Japani. Huingii mpaka mtu aliyemo akualike, utaratibu huo ulikaa mpaka 2010. Wazo lilikuwa zuri tu, humu ndani tuko sisi kwa sisi, andika shajara yako, marafiki watasoma, watakomenti. Ila kulikuwa na kitu kinaitwa nyayo. Kila ukifungua ukurasa wa mtu, jina lako linabaki pale pamoja na saa uliyopita. Sasa vuta picha, rafiki yako kaandika usiku kwamba kaachana na mchumba wake, wewe umepita saa 5 usiku, umesoma, umeondoka bila neno. Kesho mnakutana darasani. Anajua umesoma, na wewe unajua kwamba anajua. Ukikomenti kwa huyu ukamkaushia yule nayo kesi nyingine. Watu wakaanza kulalamika kuhusu uchovu wa mixi, yaani mtu anafuta akaunti kwa sababu marafiki wamemchosha, siyo matapeli, siyo wahuni, marafiki! Na kichekesho ni kwamba 2011 kampuni ilipozipunguza makali hizo nyayo, watumiaji wakaja juu, wakakusanya saini zirudishwe kama zamani, maana kuonwa walikuwa hawataki ila kuona nani kapita kwao walikuwa wanataka sana tu. Mtandao ukafifia, kampuni ikaja kuokolewa na gemu ya simu ya Monster Strike iliyotoka 2013.

Facebook nayo ilikuja na Kijapani chake 2008 na sharti lake la jina halisi. Kwetu jina halisi lilikuwa neema, mtu uliyesoma naye shule ya msingi akapotelea Mwanza huko unaandika tu jina lake unampata. Kule wengi walikuwa wanatafuta pa kupumua kutoka kwa haohao waliosoma nao. Halafu ikaja kesi ya bosi. Kampuni kubwa za Japani zinaajiri kwa mkupuo, vijana wanatoka chuo mwezi Machi, Aprili tarehe 1 wanaanza kazi wote pamoja, na wengi wanategemea kukaa palepale miaka mingi. Mkuu wa idara akikutumia ombi la urafiki utalikataaje? Unakubali. Ukishakubali basi, picha za baharini huwezi kuziposti siku uliyoomba ruhusa ya kuumwa, halafu picha zake za gofu lazima uzilaiki, tena mapema, maana mwenzako kashazilaiki. Wajapani mpaka wakautungia jina huo usumbufu wa wakubwa kubana watu mtandaoni. Kikulacho ki nguoni mwako, na pale kilikuwa kinakutumia ombi la urafiki. Matokeo yake Facebook ya Japani ikawa kama kadi ya biashara, mtu kapandishwa cheo, mtu kamaliza marathoni, kampuni inazindua bidhaa, watu wanapongezana kwa heshima zote. Vijana wanauita mtandao wa wazee na hawajakosea sana.

Kilichobadilisha mambo kabisa ni tetemeko la tarehe 11 Machi 2011. Lilipiga saa 8:46 mchana kwa saa za kule, kisha tsunami ikala pwani ya kaskazini mashariki, laini za simu zikajaa hazipitishi, lakini intaneti kwenye maeneo mengi ikawa bado inapumua. Kuna kisa cha siku ile mi huwa nakiona kikubwa kuliko watu wanavyokichukulia. Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Hiroshima alisimamisha simu yake mbele ya televisheni, akawa anarusha matangazo ya NHK, shirika la utangazaji la taifa, moja kwa moja kupitia Ustream, mtandao wa kurushia video, bila kibali cha mtu, ili wasio na televisheni au waliokatiwa umeme waone kinachoendelea. Hiyo ni kuvunja sheria ya hakimiliki mchana kweupe. Akaunti ya uhusiano wa NHK kwenye Twitter ikaletewa taarifa, na yule mfanyakazi aliyekuwa anaiendesha, ambaye wasomaji walikuwa wanampenda kwa utani wake ila jina hawalijui, badala ya kuripoti akaisambaza ile linki, akaandika kwamba ameamua mwenyewe na lawama zikija atazibeba yeye. Baadaye shirika likaruhusu rasmi. Ona hapo: shirika zito la utangazaji, nchi ya mihuri na vibali, na maamuzi ya dakika chache yanafanywa na mtu asiye na jina mbele ya umma kwa ajili ya mtoto asiye na jina. Angekuwa anaandika kwa jina na cheo chake sidhani kama angethubutu, kabla ya hapo ingepita barua kwa mkuu wake, na kwa mkuu wa mkuu wake.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 23 Juni 2011, ikazinduliwa LINE, kazi ya tawi la Japani la kampuni ya Naver ya Korea Kusini. Ndani ya mwaka mmoja na kitu ikafikisha watumiaji milioni 50, na leo Japani peke yake ina zaidi ya milioni 90 kwenye nchi ya watu milioni 124 hivi. Ile alama yake ya "imesomwa" inasimuliwa kwamba ilitokana na maafa yenyewe, kwamba hata kama mtu kafukiwa au hana nguvu ya kujibu, ukiona meseji imesomwa unajua yuko hai. Kama ndivyo basi ni wema uliogeuka mzigo haraka sana! Maana amani iliporudi ile alama ikawa nyayo za mixi zimefufuka. Umesoma, kwa nini hujajibu? Watoto wa shule wakawa hawalali, grupu la darasa linapiga kelele mpaka usiku wa manane na ukinyamaza kesho unatengwa, kuna grupu jipya limefunguliwa wamo wote isipokuwa wewe. Mji wa Kariya, mkoa wa Aichi, ulifika mahali Aprili 2014 shule zake za msingi na za sekondari ya chini zikawaomba wazazi wote wachukue simu za watoto ikifika saa 3 usiku. Wakubwa wakacheka, oh mbona mnawabana watoto, lakini walioshangilia kimyakimya walikuwa watoto wenyewe, kwa sababu sasa mtu ana kisingizio, mama kanichukulia simu. Tunajua wote raha ya kisingizio cha mama.

LINE ndo mahali pa wajibu. Humo kuna ofisi, kuna wazazi wa darasa, kuna bibi, kuna manispaa inakukumbusha siku ya kutupa chupa. Hamna mtu anayemwaga moyo wake humo, sana sana anatuma stika. Na stika nazo siyo utoto kama tunavyodhani, ni njia ya kujibu bila kusema kitu, dubu anainama, sungura analia machozi ya furaha, kikao kimeisha na hakuna aliyeudhika. Tangu 2014 mtu wa kawaida anaweza kuchora stika zake akaziuza humohumo, na watu wanaziuza kweli. Ni ukoo mmoja na zile emoji tunazotumiana WhatsApp kila siku, maana seti ya emoji 176 aliyoitengeneza Shigetaka Kurita mwaka 1999 kwa ajili ya huduma ya simu ya i-mode ya NTT DoCoMo ilizaliwa kwa shida hiyohiyo, meseji fupi inaonekana kavu, mtu hajui umekasirika au vipi.

Basi kama kwenye LINE kuna wajibu na kwenye Facebook kuna bosi, mtu anapumulia wapi?

Anapumulia Twitter, ambayo wengi kule wanaendelea kuiita Twitter hata baada ya kubadilishwa kuwa X. Sababu za kiufundi zipo, herufi za Kijapani zinabeba mambo mengi kwa nafasi ndogo, Twitter walipopima 2017 walikuta asilimia 9 ya twiti za Kiingereza zinagonga ukomo wa herufi 140 ila za Kijapani asilimia 0.4 tu, ndo maana waliporuhusu 280 Kijapani hakikuongezewa na hakuna aliyelia. Kuna treni pia. Kwenye treni za Tokyo kuongea na simu ni ukosefu wa adabu, simu inatakiwa iwe kimya, na mtu anasafiri saa nzima asubuhi kabanwa kama dagaa, kinachobaki huru ni kidole gumba. Lakini sababu kubwa ni jina. Wizara ya Mambo ya Ndani na Mawasiliano kwenye ripoti yake ya 2014 ilionyesha asilimia 75.1 ya watumiaji wa Twitter wa Japani wanatumia bila jina halisi, wakati Marekani, Uingereza na Korea Kusini ilikuwa kama theluthi moja tu.

Na usidhani mtu ana akaunti moja ya bandia basi. Kijana wa chuo anaweza kuwa na ya shuleni ambayo wenzake wote wanaijua, nyingine ya shabiki wa kikundi fulani cha muziki ambako anaongea na watu wa Hokkaido na Okinawa hajawahi kuwaona, nyingine imefungwa kufuli ina watu kumi tu, na nyingine ya kulalamikia maisha. Yote hayo ni mtu mmoja na hadanganyi popote, ile ya ushabiki haina matusi na ile ya malalamiko haina picha, kila mahali anaongea yale yanayowahusu waliopo pale. Kuna mashabiki wanakutana kwenye matamasha kila mwaka, wanapeana zawadi, wanalia pamoja, wanafahamiana kwa majina ya mtandaoni miaka kumi na jina la kwenye kitambulisho hawajawahi kuulizana. Kwetu mtu akificha jina mara nyingi anamkwepa mkubwa wa serikali, au mdai wake. Kule anamkwepa mtu wa kawaida kabisa ambaye hana ubaya wowote naye ila watakutana kesho na keshokutwa na mwaka kesho.

Hata kujuana kunaanzia huko. Kila mwaka kuanzia kipindi cha matokeo ya mitihani ya kuingia vyuo, Februari na Machi, X inajaa alama ya reli inayosema kuanzia majira ya machipuko niko chuo fulani. Kijana katoka kijijini hana anayemjua Tokyo, anafungua akaunti mpya safi haina historia, anaandika kitivo chake na vitu anavyopenda, wanafoloana mia mbili mia tatu kabla hata chuo hakijafunguliwa. Siku ya sherehe ya kuwapokea watu washajuana nani anapenda nini. Vyuo vinatoa tahadhari kila mwaka kwamba humo kuna vikundi vya dini vya ajabu na wauza ujinga wanavizia wageni, na ni kweli wamo, lakini wanafunzi hawaachi, maana ukifika siku ya kwanza hujulikani popote unaweza ukala peke yako mpaka Julai.

Hofu yao ina msingi, hilo lazima nilikubali. Kuna kampuni kule zinafanya biashara ya kutafuta akaunti za siri za vijana wanaoomba kazi, mwajiri anatoa jina na chuo, wao wanachimba rafiki wa rafiki mpaka wanaipata ile ya malalamiko. Na 2019 kulikuwa na kesi iliyowatisha watu vibaya, mwanamuziki mmoja wa kike alivamiwa karibu na kwake Tokyo, na aliyekamatwa akawaambia polisi kwamba alikuza selfi yake, akaona kwenye mboni za macho yake taswira ya kituo cha treni, akakilinganisha na picha za barabara za Google akajua anashukia wapi. Mboni za macho! Baada ya hapo ukimwona dada wa Kijapani anabandika stika juu ya sura ya rafiki yake, anaposti mkahawa baada ya kuondoka na dirisha halionekani, usimwone ana visa.

Sasa ukiniuliza nguvu ya mtu asiye na jina iko wapi, nitakupeleka Februari 2016. Mama mmoja alikosa nafasi ya mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto, akaingia kwenye huduma moja ya shajara zisizo na majina akaandika kwa hasira, kichwa chake kikisema amekosa kituo na Japani ife. Ni lugha chafu ile, mtu wa heshima haandiki hivyo hata kwa penseli. Lakini wazazi wakaisoma wakaona ni wao. Tarehe 29 mbunge wa upinzani Shiori Yamao akaipeleka kwenye kamati ya bajeti ya Bunge mbele ya Waziri Mkuu Shinzo Abe, na Abe akajibu kwamba kwa kuwa haina jina hawezi kuthibitisha kama ni kweli. Nyuma yake wabunge wa chama chake wakawa wanapiga kelele kaandika nani, mleteni hapa. Hapo wakawa wameyachokoza manyuki. Ndani ya siku chache mtandao ukajaa alama ya reli inayosema aliyekosa kituo ni mimi, tarehe 5 Machi watu wakasimama nje ya Bunge na watoto mgongoni na mabango yenye maneno hayohayo, saini zaidi ya 27,000 zikafikishwa kwa waziri mhusika, na serikali ikalazimika kutoka na mpango wa dharura. Mpaka leo yule mwandishi wa kwanza umma haumjui.

Ingekuwa ameandika Facebook kwa jina lake, na jina la kampuni ya mume wake pale chini, ingekuwaje? Nadhani angepata laiki kumi na mbili na simu moja kutoka kwa mama mkwe.

Mei 2020 ikatokea tena, serikali ilitaka kubadili sheria ili iweze kuongezea muda wa kustaafu waendesha mashtaka wakubwa, mwanamke mmoja wa kazi za matangazo, mwenye jina la bandia, akaanzisha alama ya reli ya kupinga, ikapigwa mamilioni ya mara ndani ya siku mbili tatu, wasanii wakajiunga, na tarehe 18 mwezi huohuo serikali ikaiweka sheria pembeni. Barabarani kwenyewe hapakuwa na mtu, watu walikuwa ndani kwa ajili ya korona. Wanaosema Wajapani hawana siasa wanaangalia barabarani tu.

Lakini tarehe 23 mwezi uleule, siku tano tu baada ya ushindi ule, akafa Hana Kimura, mwanamieleka wa miaka 22 aliyekuwa kwenye kipindi cha televisheni cha vijana wanaoishi nyumba moja huku wanarekodiwa. Kipindi kilionyesha akigombana na mwenzake kuhusu nguo iliyoharibika kwenye mashine ya kufulia, na watu wasio na majina wakamshambulia mfululizo kwa maneno ya kumtakia kufa. Hapo ndo hoja yangu inapogeuka na kuniuma mwenyewe, maana umati uleule, akaunti zilezile za paka, ndo uliosimamisha sheria na ndo uliomshambulia binti. Watu wawili wakaadhibiwa mwaka uliofuata, kila mmoja faini ya yen 9,000. Yen elfu tisa! Hiyo ni hela ya chakula cha jioni cha watu wawili Tokyo, na mahakama haikuwa imekosea, sheria ya kumtukana mtu hadharani ilikuwa inaishia hapo, faini isiyofika yen 10,000 au kifungo kisichofika siku 30.

Na kumpata mtu mwenyewe kulikuwa balaa. Mwathirika alitakiwa aende mahakamani mara mbili, kwanza kuilazimisha kampuni ya mtandao itoe namba ya kompyuta iliyotumika, halafu tena kuilazimisha kampuni ya intaneti itoe jina la mwenye hiyo namba, na kumbukumbu zenyewe zinafutwa baada ya miezi michache, kwa hiyo unaweza ukashinda kesi ya kwanza ukakuta ya pili haina kitu. Mama yake Hana, Kyoko Kimura, naye mwanamieleka wa zamani, akalilia sheria ibadilishwe mpaka Bunge likasikia. Kuanzia Julai 2022 adhabu ikapanda mpaka kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yen 300,000, na Oktoba mwaka huo zile safari mbili za mahakamani zikaunganishwa kuwa moja.

Kuna unafiki mmoja hapo usisahaulike. Umati usio na jina wa Japani ni bingwa wa kutafuta majina ya wengine. Januari 2023 kijana wa shule alijirekodi kwenye mgahawa wa sushi za mkanda huko Gifu analamba chupa ya sosi ya soya na kikombe kisha anavirudisha, video ikasambaa, kabla jua halijazama mara mbili jina lake, shule yake na sura yake viko kila mahali, bei ya hisa za kampuni ikashuka, kampuni ikamfungulia kesi ya yen milioni 67 ambayo baadaye iliisha kwa maelewano. Upuuzi alifanya, sikatai. Ila waliomwanika hakuna hata mmoja aliyeweka jina lake pembeni ya lile la kijana.

Na huo umati una udhaifu mwingine, unaaminiana kwa lugha. Kwa miaka mingi Kijapani kilikuwa ukuta, ukiona posti ya Kijapani unajua kaandika Mjapani, kwa hiyo kutokuwa na jina hakukumfanya mtu mgeni. Julai 2023 X ikaanza kugawa pesa za matangazo kwa wenye kutazamwa sana, na tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la ukubwa wa 7.6 likapiga rasi ya Noto siku watu wanasherehekea mwaka mpya. Wenyeji wakaingia X kuomba msaada kama 2011, wakakuta wamejaa wageni wanaotafuta kiki za malipo, wanakopi posti za watu kwa Kijapani cha mashine, wanajibu kwa emoji tupu, wanarudia kilio cha mtu aliyefukiwa kama chao ili watazamwe. Wajapani wanawaita mizombi ya kutazamwa, na waandishi walipowafuatilia wakakuta baadhi wako Pakistan huko, watu wa kawaida wanaosaka dola. Kulikuwa pia na vilio vya uongo vya wenyeji wenyewe, zikapotezea waokoaji muda. Hili mi naliona ni pigo kubwa kwa Twitter ya Japani kuliko kubadilishwa jina na nembo, kwa sababu 2011 posti ya mtu usiyemjua ilikuwa na thamani ya kuaminiwa, na sasa kila mtu anasoma kwa jicho la pembeni.

Kwa hiyo wapo wanaosema dawa ni moja, kila mtu aandike kwa jina halisi. Majirani zao Korea Kusini walishalijaribu, sheria ya 2007 ikataka tovuti kubwa zithibitishe vitambulisho vya wanaokomenti, matusi hayakuisha, na 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watu milioni 35 kutoka mitandao ya Nate na Cyworld. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya kule ikaitupa hiyo sheria. Japani imechagua njia nyingine, kuanzia Aprili 2025 kampuni kubwa kama X, Meta, Google, TikTok na LINE Yahoo zinatakiwa kwa sheria ziwe na utaratibu wa wazi wa kupokea maombi ya kufuta na kujibu ndani ya siku 7. Jina linabaki kuwa lako mpaka umuumize mtu, ukimuumiza mahakama inalichukua. Mi naiunga mkono hiyo, pamoja na matundu yake, maana mtandao wa majina halisi Japani wanao tayari, unaitwa Facebook, na sijaona mama aliyekosa kituo cha mtoto akienda kusemea kule.